Mbegu, Ng'ombe na Mkono wa Serikali

Mvua inapokosekana na shamba likakauka, ni nani anayepaswa kumwinua mkulima: jirani yake, au taifa zima kwa njia ya serikali? Historia ya Marekani inatusaidia kulipima swali hili, kwa maana huko jibu lilibadilika katika muda usiozidi miaka 50.

Mwaka 1887 ukame uliwaacha wakulima wengi wa Texas bila hata mbegu za kupanda. Bunge likatenga dola 10,000 ili wanunuliwe mbegu. Rais Grover Cleveland akaikataa sheria hiyo. Kwake yeye, wananchi ndio wanaoitegemeza serikali, wala si kazi ya serikali kuwategemeza wananchi. Tena aliona kwamba msaada wa namna hiyo ungedhoofisha upendo kati ya ndugu na ndugu. Tusiidharau hoja hiyo. Ni kweli kwamba ukarimu wa jirani ni mali ya thamani. Lakini ukame ukifunika jimbo zima, jirani naye ghala lake ni tupu.

Ukame mwingine ulikuja mwaka 1930, nchi ikiwa tayari katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mwezi wa Desemba Bunge lilikubali mikopo ya dola milioni 45 kwa ajili ya mbegu, mbolea na malisho ya wanyama. Chakula cha watu hakikuwamo. Hicho kiliachiwa Msalaba Mwekundu. Basi nyumbu angeweza kulishwa kwa fedha ya serikali, na mwenye nyumbu asiweze. Januari 1931 wakulima wenye njaa waliingia katika mji mdogo wa England, jimbo la Arkansas, wakidai chakula cha watoto wao.

Mwaka 1934 malisho yalikauka katika nyanda kubwa za kati. Safari hii serikali ya Franklin Roosevelt ilinunua ng'ombe wenyewe, zaidi ya milioni 8. Bei ilikuwa kati ya dola 4 na 20 kwa kichwa, kwa kadiri ya umri na hali ya mnyama. Waliodhoofika mno walipigwa risasi na kuzikwa. Nyama ya wengine iligawiwa jamaa zisizo na kazi.

Hapa tuangalie jambo moja dogo lenye uzito. Ng'ombe wengi walikuwa wamewekwa rehani. Kama fedha yote ingehesabiwa kuwa bei ya mnyama, mkopeshaji angeichukua, na mfugaji angerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo malipo yaligawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza mkopeshaji aliweza kuidai, ya pili, dola 3 hadi 6, ilikuwa ya mfugaji peke yake. Walioandika kanuni ile walijiuliza fedha itaishia mkononi mwa nani.

Si kila mara swali hilo liliulizwa. Wakulima Weusi wa Marekani walilalamika miaka mingi kwamba maofisa wa kilimo waliwabagua katika mikopo na misaada. Mwaka 1999 mahakama ilithibitisha mapatano katika kesi ya Pigford, na zaidi ya watu 15,000 wakalipwa. Lakini fidia haimrudishii kila mtu shamba alilokwisha kulipoteza.

Tunajifunza nini? Kwamba kutenga fedha ni nusu ya haki. Nusu ya pili imo katika orodha ya majina, katika masharti na katika moyo wa yule anayeketi nyuma ya meza na kupokea maombi. Baadhi yenu, vijana, mtaketi siku moja nyuma ya meza hiyo.

Kwa mazungumzo katika kikundi:
1. Msaada ukifika kijijini kwetu, ni nani ambaye jina lake husahauliwa, na kwa sababu gani?
2. Ni wapi ukarimu wa jirani unatosha, na ni wapi hautoshi?