Paa wa Thumuni

Bibi yangu hakuwahi kuisimulia hadithi ya paa mchana. Hadithi za sungura ungeweza kumwomba hata akiwa anapepeta mchele. Angekupa moja fupi, ya simba kughilibiwa, na ungo usisimame. Ya paa ilikuwa na masharti. Tuwe tumeshakula, vyombo vimeshaoshwa, mlango umetiwa komeo, na kibatari kimeshushwa utambi mpaka tubaki kuona meno yake tu. Hapo ndipo husema paukwa, na sisi tukaitikia pakawa kwa sauti ya kumwamsha jirani. Hiyo ni Ng'ambo ya Unguja, miaka ya hamsini, nyumba ya udongo na makuti.

Mambo yanaanza jaani. Yupo maskini, hana nyumba, hana mke, kazi yake kuchokora takataka kutafuta punje za mtama kama kuku. Siku moja anaokota thumuni, anaifunga kwenye pindo la nguo. Anapita mtu na matundu, anauza paa. Maskini anampa thumuni yake, anachukua paa mmoja, na watu wote wanamcheka: wewe unakula jaani, huyo utamlisha nini?

Niwaeleze vijana thumuni ni kitu gani. Ni sehemu ya nane ya riale. Na riale ni ile ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780 hata miaka mia baadaye, na ndiyo waliyohesabia wafanyabiashara wa Unguja wakati hadithi hii inaandikwa. Bibi alikuwa nayo moja, imetobolewa, anaivaa shingoni. Akifika penye thumuni huishika ile riale kwa vidole viwili, nasi tukajua bei ya paa ni kipande kidogo cha kile tunachokiona.

Basi usiku yule paa anasema. Anamwita maskini "bwana", anamwomba amruhusu awe anakwenda kujilisha mwenyewe porini na kurudi jioni, kwa kuwa bwana hana cha kumpa. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Siku moja anachimbua chini ya mti anapata almasi, lakini hampelekei bwana wake, ambaye angeiuza kwa sahani ya wali. Anaipeleka mji wa mbali kwa sultani na kusema: nimetumwa na bwana wangu, Sultani Darai, anaposa binti yako. Posa inakubaliwa. Paa anarudi kumchukua bwana wake, anamwambia, nitakalokufanyia usiseme neno. Wanapofika mtoni anamvua matambara, anamchapa fimbo mwili mzima, anamwacha hapo, kisha anakimbia kwa sultani: bwana wangu kavamiwa na wanyang'anyi, kaachwa uchi! Zinatoka nguo, farasi na askari. Jalala limekwisha, mtu amekuwa Sultani Darai.

Nyumba je? Paa anakwenda kuitafuta. Anakuta mji mzuri, mtupu, ndani yake kikongwe mmoja na mwenye mji: nyoka wa vichwa saba. Bibi alikuwa akitumia mkono wake kuwa nyoka. Kichwa kinaingia mlangoni, upanga unashuka, na kiganja chake kinapiga jamvi. Kichwa cha pili. Kiganja. Alihesabu vyote saba, hakuruka hata kimoja, na kila pigo mdogo wangu alizidi kujisogeza kwangu. Cha saba kikianguka, paa naye anaanguka, kazimia, na kikongwe anampepea na kummwagia maji. Kisha paa anamkabidhi bwana wake mji, majumba na hazina. Kwake mwenyewe hakubakisha hata chumba.

Na hapa ndipo bibi alipokuwa akishusha sauti. Paa anaugua. Anamtuma kikongwe: kamwambie bwana sijiwezi. Bwana anajibu: mpikie uji wa felefele. Felefele ni mtama duni, ule wa mwisho gunia likikung'utwa. Kikongwe anashangaa, maana hata farasi wa nyumba ile hawaukubali. Mke naye anamkumbusha mumewe, huyu ndiye aliyekutoa jaani. Jibu ni lile lile: nilimnunua thumuni. Paa anakufa, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Binti wa sultani analia, anamwandikia baba yake. Baba anafunga safari, anashuka kisimani yeye mwenyewe, sultani mzima, anamtoa yule mnyama na kumzika. Usiku ule mwanamke anaota yuko kwao. Mume anaota anachokora jaa. Asubuhi, kila mmoja yuko pale alipoota.

Nilipokuwa mtoto niliamini bibi ameitunga mwenyewe. Nilikuwa nimeshapata cheti cha ualimu nilipofunguliwa kabati la vitabu vya zamani nikakikuta kitabu cha Edward Steere, kilichotoka London mwaka 1870, zaidi ya kurasa 500, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande unaouelekea. Humo nikamkuta paa wetu, na thumuni, na nyoka, na uji. Nilikisoma kwa kusimama mpaka mwenye kabati akaja na funguo.

Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Alikuwa padri aliyesomea sheria, tena anayejua kazi ya uchapaji. Kitabu cha sarufi cha Krapf kilikuwepo tangu 1850, lakini kilitoka upande wa Mombasa. Kiunguja kilimtaka akae na watu asikilize. Kwa hiyo hakukusanya hadithi kwa ajili ya watoto. Alikuwa akijifunza lugha, na hadithi ndiyo darasa lenye maneno mengi kwa bei ndogo: ndani yake mna kununua, kuuza, kuposa, kuugua, kutukana. Nadhani hii ndiyo sababu hakuilainisha. Mwanafunzi wa lugha huandika alichosikia. Aliyefuata baadaye na nia ya kuwafurahisha watoto ndiye huanza kukata.

Utangulizi wake nimeusoma mara nyingi kuliko hadithi zenyewe. Anasema karibu kila hadithi ya watu wa kawaida ilikuwa na kiitikio kinachoimbwa na wote waliokaa, na mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika vipande hivyo vya wimbo. Msimuliaji hujazia nyama katikati kwa maneno yake ya siku hiyo. Anasema pia waimbaji wenyewe wakati mwingine hawakuweza kueleza maana ya wanachokiimba, na kwamba amewahi kusikia hadithi za Kiswahili ambazo nyimbo zake ni za Kiyao na Kinyamwezi.

Msomaji akipita haraka hapo ataona ni jambo la lugha. Mimi nilisimama. Kiyao na Kinyamwezi vilifikaje barazani Unguja? Wengine walikuja kama wapagazi wa misafara. Wengine wengi walikuja wamefungwa. Kitabu kinatoka 1870, na soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi. Mkataba wa kulifunga ulitiwa sahihi na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873. Mtu aliyekuwa akisikiliza hadithi ya mnyama anayeuzwa kutoka kwenye tundu alikuwa akiisikiliza mahali ambapo, kwa mwendo wa dakika chache, watu walikuwa wakiuzwa.

Sasa isome upya. Ananunuliwa sokoni kwa bei ya kuchekwa. Anamwita aliyemnunua bwana. Anapewa ruhusa ya kwenda kujitafutia chakula na kurudi jioni, kama walivyoachiwa watumwa wengi wa mjini. Kila anachokipata anakipata kwa jina la bwana. Anapigana, bwana anakalia kiti. Akiugua, felefele. Na katikati ya yote hayo, mtoni, msimuliaji amejipa nafasi moja tu ya kumchapa bwana fimbo, bwana akiwa amekatazwa kunena. Nafikiri barazani walicheka sana hapo. Huu ni usomaji wangu, Steere hakuuandika, wala bibi hakuusema. Lakini mama yake bibi aliletwa kisiwani akiwa mtoto, na hilo ndilo jambo pekee ambalo bibi hakutaka kuulizwa.

Wataalamu wa ngano watakwambia hadithi hii ina ndugu. Kule Napoli, Giambattista Basile aliandika ya paka aliyemtajirisha maskini. Ilichapwa mwaka 1634, baada ya kifo chake. Paka yule anajifanya kufa ili ampime bwana wake, anasikia akiamuru atupwe dirishani, anaamka, anamtukana, anaondoka zake. Mfaransa Perrault mwaka 1697 akamvisha paka viatu na kumaliza kwa heri: paka anakuwa mkubwa, panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Sibishani kuhusu undugu. Bandari ya Unguja ilipokea kila kitu, hadithi haziwezi kuachwa nyuma. Ila tazama mwisho wa kila mmoja. Wa Perrault anapandishwa cheo. Wa Basile anakwenda zake. Wa kwetu hana pa kwenda, anakufa kweli.

Mwaka 1901 Andrew Lang alimtia paa katika kitabu chake cha hadithi chenye jalada la zambarau, na mwaka huo huo George Bateman akamtoa Chicago katika hadithi zake za Zanzibar. Watoto wa Uingereza na Marekani wakamjua. Ila kwa Kiingereza cha Steere na Lang amekuwa swala, na Unguja hakuna swala. Paa wetu ni mnyama wa msituni, mwoga. Paa nunga wa Jozani hafiki goti la mtu mzima. Ukimfanya swala unampa miguu mirefu na mbio za nyikani, na kichekesho cha wale waliomcheka maskini kinapotea. Walicheka kwa sababu alinunua kitu kidogo.

Nami nina kosa langu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha darasa la nne, na Ijumaa kipindi cha mwisho kilikuwa cha hadithi. Nilisimulia ya paa, nikafika kwenye harusi na majumba, nikamaliza. Niliona watoto wana siku mbili za mapumziko, mwisho ule utawaharibia. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na uji je?" Nikamwambia hadithi imekwisha. Akasema kwao haiishi hapo. Darasa likageuka kumtazama, na kengele ikapigwa akiwa amesimama, anawasimulia wenzake habari ya kisima, na mimi nimeshika chaki.

Steere alikuwa askofu mwaka 1874, akajenga kanisa juu ya uwanja wa soko la Mkunazini, akafa mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu yake. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Bibi alikuwa mtoto wakati huo.

Kilichobaki ni wimbo. Paa wa bibi alikuwa akiimba mara tatu: akienda kwa sultani, akimkuta nyoka, na akimtuma kikongwe kwa bwana mara ya mwisho. Maneno hayakuwa ya Kiswahili, na bibi akiulizwa maana yake husema, ndivyo anavyoimba paa. Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa chokaa kutoka Tunduru alinisikia nikiuimba kwa mdomo uliofumba, akanyanyua kichwa, akayataja maneno mawili na kunipa maana yake kwa Kiyao. Nilikuwa na haraka ya shule, sikuandika. Leo nakumbuka lahani tu. Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee anayeijua hadithi ya paa pamoja na wimbo wake, kaa naye usiku wa leo, na uende na kalamu.