Samaki wa nyumbani wanapokufa: Pima maji kabla ya kutafuta dawa

KILA mwaka ifikapo Juni, baridi ya kipupwe huingia katika miji ya Mbeya na Iringa, na wafugaji wa samaki wa majumbani huanza kuona mabadiliko katika matangi yao. Samaki huacha kuchangamkia chakula, maji hupata harufu nzito, na asubuhi mmoja au wawili hukutwa wakielea. Wengi hudhani kuwa ni ugonjwa, wakakimbilia duka la dawa za mifugo. Mara nyingi kinachoua ni maji yenyewe, na hatua ya kwanza ya kuwaokoa samaki waliobaki ni kusitisha chakula.

Mfumo unaozungumziwa hapa ni ule wa kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, ambao kitaalamu huitwa akwaponiki. Pampu huyasukuma maji kutoka tangi la samaki hadi kwenye kitanda cha kokoto chenye mboga, kisha maji hurudi tangini yakiwa yamesafishwa. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilichapisha mwongozo wa mfumo huo kwa wafugaji wadogo.

Hata hivyo, mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Ratiba ya chakula inayofaa Dar es Salaam, Kyela au Pawaga haiwezi kuhamishiwa Uyole au Gangilonga bila marekebisho.

Uchafu unavyogeuka sumu

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kisicholiwa huongeza amonia hiyo kinapooza. Katika kokoto huishi aina mbili za bakteria wenye manufaa. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mboga. Bakteria hao ndio wanaosafisha maji. Kazi ya pampu ni kuwapelekea maji hayo.

Tuchukue mfano wa tangi la lita 1,000 lenye perege 60 wa gramu 150 kila mmoja, yaani kilo 9 za samaki. Wakilishwa asilimia 2 ya uzito wao, hupata gramu 180 za chakula kwa siku. Chakula hicho, kikiwa na protini ya asilimia 32, huzalisha takriban gramu 5 za amonia. Bakteria wakishindwa kufanya kazi, hizo ni miligramu 5 katika kila lita kwa siku moja tu, wakati kiwango kinachopendekezwa ni chini ya miligramu 1.

Perege hukua vizuri zaidi katika maji ya nyuzi joto 27 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hamu yake ya kula hupungua sana. Yakikaribia nyuzi 16 huacha kula, na yakishuka hadi karibu nyuzi 11 huanza kufa. Bakteria nao huzubaa kwa baridi. Kwa hiyo mfugaji anayeendelea kumwaga kipimo cha Januari katika mwezi wa Julai hurundika sumu wakati ambao samaki hawali na bakteria hawasafishi.

Ukali wa amonia hutegemea pia kiwango cha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 8 hufikia takriban asilimia 5, na katika pH 9 huzidi theluthi moja. Kiwango kinachowafaa samaki, mboga na bakteria kwa pamoja ni kati ya pH 6 na 7.

Jinsi vifo vinavyoonyesha chanzo

Mfugaji makini huanza kwa kujiuliza ni samaki gani waliokufa, saa ngapi na kwa mfululizo gani.

Samaki wengi wakifa kwa usiku mmoja, wakubwa wakitangulia na waliobaki wakihema juu ya maji alfajiri, chanzo kinachoshukiwa ni upungufu wa oksijeni. Pengine umeme ulikatika au pampu iliziba. Kwa mwinuko wa Mbeya, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto hilo hilo yaliyoko pwani. Maji baridi hubeba oksijeni zaidi, hivyo hatari hii ni kubwa mwezi Oktoba na Novemba, joto linapopanda na samaki wakiwa wamekua.

Wakifa mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, wakiwa wamepoteza hamu ya kula na mashavu yao yamekuwa mekundu kupita kawaida, chanzo kinachoelekea zaidi ni amonia. Mashavu yakiwa na rangi ya kahawia, dalili hiyo huelekeza kwenye nitriti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Matatizo haya hutokea sana katika mfumo mpya, kwa kuwa bakteria huhitaji wiki tatu hadi sita kuzaliana vya kutosha, na zaidi ya hapo wakati wa baridi.

Wakifa wakubwa kwa wadogo mara tu baada ya kuongezwa maji ya bomba, klorini ndiyo ya kwanza kushukiwa. Maji hayo yaachwe katika chombo kilicho wazi kwa siku moja hadi mbili kabla ya kutumika.

Hatua za kuchukua

Siku ya kwanza ya vifo, chakula kisitishwe kabisa. Samaki mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku mbili au tatu, lakini anaweza kufa kwa saa chache ndani ya maji machafu. Maiti zitolewe, mabaki ya chakula yaondolewe, na theluthi moja ya maji ibadilishwe kwa maji safi yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Umeme ukikatika, maji yachotwe kwa ndoo na kumwagwa tena tangini kutoka juu, ili yachukue hewa.

Baada ya hapo yapimwe joto, pH, amonia na nitriti. Nitriti ikiwa juu, nusu kilo ya chumvi ya kawaida kwa lita 1,000 huwakinga samaki, ingawa maharage na stroberi havivumilii chumvi.

Tahadhari kubwa inahitajika kwa chokaa. Kazi ya bakteria huyafanya maji yawe na uchachu kadiri muda unavyokwenda, hasa kwa wanaotumia maji ya mvua, ambayo hayana chokaa ya asili. pH ikishuka chini ya 6, bakteria hulegea na amonia hujikusanya bila kuwadhuru sana samaki. Mfugaji akimwaga chokaa nyingi kwa mkupuo, pH hupanda ghafla, amonia ile hugeuka kuwa sumu kali, na tangi zima huweza kufa usiku huo. Maji yabadilishwe kwanza, kisha chokaa itiwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Sumu zinazoitwa za asili

Wadudu wa mboga nao huwatia wafugaji katika mtego. Pareto, zao linalolimwa Mufindi na Mbeya, husifiwa kuwa dawa ya asili isiyomdhuru mlaji. Kwa samaki, hata hivyo, ni sumu kali. Utupa nao ni mmea uliotumika tangu zamani kuvulia samaki kwa kuwalevya, hivyo maji yake hayafai kunyunyiziwa mboga za mfumo huu. Mrututu unaotibu ukungu wa mimea huua samaki na bakteria pamoja. Iliyo salama ni kuondoa wadudu kwa mkono, kuwakinga kwa chandarua au kung'oa mche ulioshambuliwa.

Maji yakipimwa na kuonekana safi lakini samaki wakawa na vidonda au utando kama pamba, hapo ndipo ugonjwa ufikiriwe. Samaki mgonjwa atengwe na kuwekwa katika ndoo yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita kwa dakika 10. Akipinduka, atolewe mara moja. Afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kushauriwa kabla ya kutumia dawa nyingine. Serikali pia ina vituo vya ukuzaji viumbe maji, kikiwamo cha Kingolwira mkoani Morogoro na cha Ruhila mjini Songea.

Kinga bora kwa Nyanda za Juu Kusini ni kupanga msimu. Vifaranga vikipandikizwa Septemba, samaki wakubwa huweza kuvunwa Mei, ili kipupwe kiwakute wachache matangini. Tangi lifunikwe usiku, lizungushiwe magunia au lijengwe ndani ya kitalu nyumba, na kipimajoto kisomwe kila asubuhi kabla ya kushika kopo la chakula. Kikisoma chini ya nyuzi 20, chakula kipunguzwe kwa nusu au zaidi. Kikisoma 16, siku hiyo wasilishwe.