Regulata ya gesi

Regulata ya gesi (pia: kidhibiti gesi) ni kifaa kinachofungwa kwenye vali ya mtungi wa gesi ya kupikia ili kupunguza kanieneo ya gesi kabla haijafika kwenye jiko. Madukani huitwa regulata tu. Isichanganywe na mdhibiti, jina ambalo magazeti huipa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), inayotoa leseni kwa wafanyabiashara wa gesi nchini Tanzania.

Watumiaji wengi huichukulia kama bomba la kufungulia na kufungia gesi. Kufungua na kufunga ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa haionekani kwa macho, na kwa sababu hiyo watu hununua regulata yoyote inayoingia kwenye mtungi, hata ile isiyofaa kwa jiko lao.

Gesi iliyo mtunguni

Gesi ya mitungi inayouzwa Tanzania ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo huagizwa kutoka nje kwa meli. Wanafunzi wa Kibiti na Rufiji huuliza kama ndiyo ile inayopita kwenye bomba la Songo Songo, ambalo tangu 2004 hupeleka gesi Dar es Salaam kupitia maeneo yao. Siyo. Gesi asilia ya Songo Songo ni methani hasa, nayo haigeuki kuwa kimiminika kwa kukandamizwa tu katika joto la kawaida. Propani na butani hugeuka, na ndiyo maana kilo 6 au 15 hutosha katika mtungi unaobebeka.

Ndani ya mtungi kuna kimiminika chini na mvuke juu. Katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, mvuke wa butani tupu husukuma kwa karibu bari 2 juu ya kanieneo ya hewa, na wa propani tupu kwa karibu bari 10. Mchanganyiko huwa kati ya hizo mbili. Jiko la nyumbani limetengenezwa kwa milibari 28 hadi 30 hivi, yaani bari 0.03. Kwa hiyo hata mtungi ukiwa na bari 4 tu, regulata inapaswa kupunguza kanieneo hiyo zaidi ya mara 100.

Jinsi inavyofanya kazi

Katikati ya regulata kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja kinasukumwa na springi, upande mwingine na gesi inayoelekea jikoni. Gesi ikizidi, inakiinua kiwambo, nacho kinavuta mkono mdogo unaobana tundu la kuingilia. Mpishi akiongeza moto, kanieneo upande wa jiko inashuka, springi inakirudisha kiwambo, na tundu linafunguka. Hayo hutokea yenyewe muda wote chakula kikiwa jikoni.

Juu ya kifuniko kuna kitundu kidogo cha kupitisha hewa ili kiwambo kiweze kucheza. Kikizibwa kwa rangi, mafuta, au udongo wa nyigu wanaojenga popote palipo na tundu, kiwambo hakisogei inavyopaswa na kanieneo hupanda au kushuka ovyo. Wako wanaoziba kitundu hicho kwa makusudi wakidhani ni mahali pa kuvujia.

Kuchagua

Jambo la kwanza ni vali ya mtungi. Kampuni za gesi Tanzania hazitumii zote vali ya aina moja: zipo za kubana zenye vipenyo tofauti, na zipo za kuzungusha. Kenya iliamua katika kanuni za mwaka 2009 kuwa na vali moja kwa mitungi ya nyumbani. Tanzania mnunuzi anayehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine huenda akalazimika kununua regulata mpya. Tofauti ya milimita 1 au 2 haionekani kwa jicho, ila inatosha kuvujisha. Regulata iliyolazimishwa kwa kugongwa au kuzungushiwa utepe haijafungwa.

La pili ni kanieneo ya kutokea, ambayo huandikwa kwenye mwili wa regulata pamoja na kiasi cha gesi inachoweza kupitisha kwa saa. Jiko la pleti mbili lenye jumla ya kilowati 4 hutumia takriban kilo 0.3 kwa saa pleti zote zikiwaka kwa nguvu, kwa hiyo regulata ya kilo 1 kwa saa inalitosha. Hatari iko kwenye zile zenye kitasa cha kuongeza kanieneo, zilizotengenezwa kwa majiko makubwa ya mama lishe na hoteli. Ukiifunga kwenye jiko la nyumbani, moto huruka juu ya kichomeo na kuunguruma, na viungo vya mpira husukumwa kwa nguvu ambayo havikutengenezewa. Regulata isiyo na maandishi yoyote isinunuliwe, hata kama ni rahisi.

Baadhi ya regulata zina saa yenye mshale. Saa hiyo haionyeshi gesi iliyobaki, kwa sababu kimiminika kikiwamo bado, kanieneo ya mvuke hubaki karibu ileile kama joto halijabadilika. Mshale huanguka gesi inapokaribia kwisha kabisa. Anayetaka kujua kilichobaki apime mtungi kwenye mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake.

Mitungi ya kilo 6 yenye kichomeo kilichokaa juu yake moja kwa moja haina regulata. Kitasa chake hupunguza mtiririko tu. Mitungi ya ukubwa huu ndiyo imeenea zaidi vijijini, ikiwa ni pamoja na ile ambayo Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imeiuza kwa ruzuku. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Familia ikitaka kuhamia jiko la pleti mbili kwa mtungi huohuo, kichomeo kiondolewe na ifungwe regulata ya vali hiyo. Kuunganisha mpira bila regulata ni kupeleka kanieneo yote ya mtungi jikoni.

Kufunga na kupima

Mtungi usimame wima, kusiwe na moto karibu, na regulata iwe imefungwa. Kipete cha mpira kwenye vali kitazamwe kama kipo na hakijapasuka. Regulata ya kubana husukumwa hadi ilie "ta", kisha huvutwa juu kuhakikisha imeshika. Baadhi ya za kuzungusha hukazwa kinyume na mwendo wa saa. Mpira uwe wa gesi, kwani ule wa maji huharibiwa na gesi hii, na ubanwe kwa klipu pande zote mbili.

Kisha hupakwa povu la sabuni kwenye viungo vyote. Mapovu yakiongezeka, panavuja. Kipimo hiki hufanywa kila mtungi unapobadilishwa, na hakifanywi kwa kiberiti. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara 1.5 na butani kwa mara 2, hivyo gesi iliyovuja hutambaa sakafuni na kukaa mabondeni. Harufu ikisikika, gesi hufungwa, milango hufunguliwa, swichi za umeme haziguswi, na mtungi hutolewa nje.

Katika pwani na delta

Hewa ya chumvi hula springi na mwili wa regulata. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka 10 hivi, lakini katika visiwa vya delta ya Rufiji ni busara kuikagua mapema zaidi. Regulata iliyozama majini, kama ilivyotokea kwa nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti katika mafuriko ya Aprili 2024, haifai tena hata ikikaushwa juani, kwa kuwa tope na kutu hubaki nyuma ya kiwambo. Mtungi wenyewe hurudishwa kwa wakala ukaguliwe. Regulata na mpira hutupwa, baada ya mpira kukatwa vipande ili mwingine asije akaviokota na kuvitumia.