Kipepeo na Fukusi katika Makabati ya London

Fukusi tumjuaye sisi ni adui wa ghala, mla mahindi. Yule aliyepewa jina na Johan Christian Fabricius mwaka 1775 ni wa namna nyingine. Alitoka New Zealand, akaletwa London katika mkusanyo wa Joseph Banks, aliyesafiri na James Cook. Dume lake hufikia urefu wa sentimita 9, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mdomo anaoutumia kupigana. Jike ana mdomo mfupi zaidi, hutobolea mti ili atage yai. Fabricius aliwaandika kama jamii mbili, kila mmoja na jina lake. Aliyekaa msituni siku moja tu angewaona wakipandana. Mtaalamu huyu aliwaona wamechomwa pini.

Mwaka 1782 Dru Drury, mfua fedha wa London, alimtangaza kipepeo Papilio antimachus kutoka Sierra Leone, mwenye mabawa yanayozidi sentimita 20. Huishi hadi misitu ya Uganda, na jike lake, likaalo vileleni, huonekana kwa nadra. Ndiyo maana huitwa adimu. Lakini adimu kwa nani? Henry Smeathman, mkusanyaji wa Drury huko Sierra Leone, alifadhiliwa pia na Banks yule yule, na masanduku ya wadudu yalipakiwa katika merikebu za biashara ya watumwa. Vitabu vimehifadhi majina ya mfadhili, mkusanyaji na mchapishaji. La mwenyeji aliyejua kipepeo yule hutua wapi halimo.