Picha-mwewe, Si "Picha ya Angani"

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoimeza Garsen, nilikutana na picha iliyopigwa kwa droni: mabati ya mapaa yakichungulia majini, vichwa vya miembe, na ng'ombe waliojibana juu ya kipande cha tuta. Chini yake pameandikwa, "Picha ya angani ya Garsen." Nilimwonyesha mama mmoja wa Kipokomo, muuza ndizi pale Minjila. Akaikodolea macho. "Mwanangu, hilo anga liko wapi? Mimi naona maji matupu."

Mama huyu amewashinda wanakamati wote wa lugha walioibariki istilahi hiyo, pamoja na shahada zao na posho zao. Anga ni ndugu wa mwanga, angaza na angavu (angalia namwacha nje, nisije nikashtakiwa kwa kuokota jamaa wa mbali). Likitiwa -ni, hutaja mahali kitu kilipo. Samaki wa mtoni hukaa mtoni. Ndege wa angani, angani. Picha ya angani, basi, ni ya mawingu na nyota. Mpinzani wangu mmoja, simtaji kwa kuwa anajijua, alinirushia maziwa ya dukani: si yametoka dukani? Yametoka. Lakini maziwa hayana kazi ya kuonyesha kitu. Picha inayo, na msomaji akisikia "picha ya" hungoja kutajiwa kinachoonekana.

Mimi nasema picha-mwewe. Muundo ni wetu: askari kanzu, bata mzinga. Na mwewe nani asiyemjua? Huzunguka juu ya ua, mabawa wazi, macho chini, akihesabu vifaranga. Droni inafanya nini zaidi? Nilipolipeleka neno hili kikaoni walicheka, kisha wakaenda kunywa chai. Leo kuna wanaoiita droni "ndege nyuki", eti kwa sababu Mwingereza humwita nyuki dume "drone"! Mtu ataniambia mwewe naye ni kiumbe cha kuazimwa. Sawa, ila huyu tunamfukuza wenyewe kwa mawe.

Hata Nadar, Mfaransa aliyepanda puto mwaka 1858 karibu na Paris akapiga picha ya kwanza ya namna hii, jina lake linakaribiana na nadhari, neno la shina moja na mandhari. Sadfa tu, lakini tamu.

Matumizi ni mepesi: picha-mwewe wima kamera ikitazama chini moja kwa moja, picha-mwewe mshazari ikitazama kwa kuinama. Mshazari hupendeza gazetini, ila huyafinya ya mbali. Anayetaka kujua maji yamekula kiasi gani cha delta ya Tana, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka 2012 ikiwa na hekta 163,600, atafute wima.

Nilirudi kwa mama wa Minjila nikamwambia hiyo ni picha-mwewe. Akaitazama tena, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana sioni hata kuku mmoja."

Kamati ikikaa tena, imwite. Nauli yake nitalipa mimi.