Aberdare ya Wales, Aberdare ya Kenya

Katika bonde la mto Cynon, kusini mwa Wales, majina ya miji yanatosha kuwa ramani ya maji. Aberdare ndipo kijito cha Dâr kinapoingia Cynon. Mbele kidogo Aberaman inapokea kijito cha Aman, na mwisho Abercynon ndipo Cynon yenyewe inapojimwaga katika mto Taff. "Aber" ni mahali maji yanapokutana. Majina haya ni ya kale kuliko migodi ya makaa ya mawe. Yalikuwepo Aberdare ilipokuwa bado kijiji cha wakulima.

Bonde la Ufa nalo hutaja maji, ila kwa namna nyingine. Maai Mahiu, chini ya mteremko mkali wa barabara ya zamani itokayo Nairobi, ni maji moto kwa lugha ya Kikuyu. Jina la Ziwa Naivasha limetokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, na anayevua ziwani humo anajua upepo wa alasiri unavyolibadilisha. Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, hauhitaji mkalimani. Majina ya Wales yanakueleza mto upi unaungana na upi. Haya yetu yanakueleza maji yatakufanya nini ukiyafikia. Makutano tunayo pia, tena mengi, lakini mara nyingi kinachokutana hapo ni barabara.

Kisha huja majina ya watu. Katika bonde jirani la Rhondda Fach upo mji wa Tylorstown, ulioitwa kwa jina la Alfred Tylor, mwenye mgodi. Kwa Kiwelisi mji huohuo ni Pendyrus, jina la shamba lililokuwepo kabla ya makaa ya mawe. Kwaya ya wanaume iliyoanzishwa hapo mwaka 1924 ilijiita Pendyrus, na nadhani ilichagua vyema.

Huku kwetu jina la mtu lilifika kwa mzunguko wa ajabu. Henry Bruce, mzaliwa wa Aberdare, alipewa ubwana akauchukua kwa jina la mji wake. Alikuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia wakati mpelelezi Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883 na 1884, na Thomson akaiita safu ya milima iliyo juu ya Naivasha kwa heshima yake. Basi jina la makutano ya vijito likapandishwa mlimani, ambako halielezi maji yoyote. Wakikuyu walikwisha kuiita safu hiyo Nyandarua, kwa kuifananisha na ngozi iliyoanikwa ikauke.

Leo kote kuwili majina mawili yanaishi pamoja. Huko Wales vibao vya barabarani vina Aberdâr na Aberdare, tahajia mbili za mto mmoja. Kenya ina Kaunti ya Nyandarua na Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, na kati ya majina hayo ni moja tu lililotolewa na watu walioutazama mlima huo kila siku.