Homa Moja, Mbegu Nyingi

Wazee wetu wanaikumbuka bado klorokini, ile dawa chungu ya malaria iliyowasha watu ngozi usiku kucha. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, na baada ya vita vikuu vya pili ikaenea duniani. Bei yake ilikuwa ndogo, na ilimezwa siku tatu tu. Mbona basi wagonjwa wetu hawapewi tena?

Sababu imo ndani ya kidudu chenyewe. Tunasema «kidudu cha malaria» kana kwamba ni kimoja. Kumbe mbegu zake ni nyingi kama maharagi ya sokoni. Mtu mmoja aweza kuwa na mbegu kadhaa pamoja katika damu yake. Imbu akimnyonya, vidudu vya kiume na vya kike huungana tumboni mwa imbu, na kuzaa vingine visivyofanana na wazazi wao. Basi dawa huua vile dhaifu, na kimoja chenye kinga hubaki na shamba zima.

Mbegu shupavu isiyosikia klorokini ilionekana mpakani mwa Kambodja na Thailand kabla mwaka 1960 haujafika. Mwaka 1978 ikatambulikana Kenya na Tanzania, halafu ikaingia kwetu Congo. Mwaka 2002 wataalamu walilinganisha alama za urithi wa vidudu, wakaona kwamba ile ya Afrika ni uzao wa ile ya Asia. Ilisafiri katika damu ya watu.

Habari ya Malawi ni ya ajabu zaidi. Inchi hiyo iliacha klorokini mwaka 1993, ya kwanza katika Afrika. Ushupavu ni mzigo kwa kidudu: pasipo dawa, hushindwa na wenzake wa zamani, nao walikuwa hawajakwisha. Wakaongezeka tena. Katika jaribio la Blantyre lililotangazwa mwaka 2006, watoto 80 walitibiwa kwa klorokini. Ilishindwa kwa mmoja tu. Fansidar, iliyochukua nafasi yake, ilishindwa kwa 71 kati ya 87.

Congo nayo ilipitia Fansidar, na mwaka 2005 ikachukua artesunati pamoja na amodiakini, ili kidudu kinachoponyoka dawa moja kiuawe na ya pili.

Mwaka 2020 alama ya kidudu kinachochelewa kufa kwa artesunati ilitangazwa kuonekana Rwanda, jirani yetu. Damu ilipopimwa, mbegu hiyo haikutoka Asia. Ilizaliwa huku huku kwetu Afrika.